Kufunga, Kushona, Kuziba, Kubana: Historia Fupi ya Tundu Katika Ateri

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa uuguzi, ambao huchukua Kiswahili kama somo la hiari, zoezi la kutafsiri fomu ya ridhaa. Fomu hiyo ilihusu uchunguzi wa mishipa ya moyo, na haikuzidi ukurasa mmoja. Sentensi moja ilieleza kuwa daktari atapitisha mrija mwembamba kwenye ateri ya paja hadi ufike moyoni, na kwamba akimaliza atalishughulikia tundu alilolitoboa. Wanafunzi kumi na wawili kati ya kumi na wanne wakaandika hivi: "Kisha daktari ataufunga mshipa wako."

Mmoja wao, muuguzi aliyefanya kazi wodini miaka kadhaa kabla ya kurudi kusoma, akainua mkono. "Mwalimu," alisema, "mgonjwa akisikia hivyo atashuka kitandani ajiendee zake. Mshipa wa paja ukifungwa, mguu unakufa."

Darasa likacheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikanyamaza, maana nilikuwa tayari nimeweka alama ya vyema kwenye daftari za wale kumi na wawili. Nilimwomba anipe muda nikasome. Nilichokisoma ndicho ninachokileta mbele ya wasomaji wa jarida letu, kwa sababu ubishi wetu juu ya kitenzi kimoja ulikuwa na historia ya zaidi ya karne nne nyuma yake, nami sikuijua.

Tuanze na neno mshipa lenyewe, kwani Kiswahili kimelitwisha mzigo mzito. Damu hupita katika mshipa. Hisia hupita katika mshipa wa fahamu. Mwenye ngiri husemwa kuwa ana mshipa, na mzee aliyeinama vibaya shambani husema mshipa umemvuta. Wanafunzi wangu wasemao Kiganda hawakuona taabu, maana omusuwa wao nao una kazi nyingi. Vitabu vya sayansi vya shule vimejaribu kutuokoa kwa kutupa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, yaani ule unaoirudisha. Kwa muda mrefu mimi niliyaona maneno hayo mawili kuwa mapambo ya kigeni tu. Siyaoni hivyo tena. Mtu asiyetenganisha ateri na vena hawezi kuielewa historia hii hata kidogo.

Tofauti hiyo ilipimwa na kasisi mmoja Mwingereza aitwaye Stephen Hales, wa parokia ya Teddington karibu na London. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1733 alieleza jinsi alivyomlaza farasi jike, akamfunga, akaingiza bomba la shaba katika ateri ya paja lake, kisha akaliunganisha na bomba refu la kioo lililosimamishwa wima. Damu ilipanda futi 8 na inchi 3, yaani kama mita 2.5, ikawa inapanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Katika vena, mnyama akiwa ametulia, kimo kilikuwa kidogo sana. Jaribio lile lilikuwa la kikatili, lakini lilionyesha jambo ambalo kila muuguzi analijua kwa vidole vyake. Ukichomoa sindano ya dripu mkononi, kipande cha pamba na kidole kwa dakika chache vinatosha. Ukitoboa ateri ya paja ukaiacha hivyo, mtu anaweza kuishiwa damu ukiwa unamtazama.

Sasa turudi kwenye kufunga. Mwaka 1552, katika mazingiwa ya mji wa Damvillers, daktari wa majeshi ya Ufaransa aitwaye Ambroise Paré alimkata mguu ofisa mmoja, na badala ya kuchoma kidonda kwa chuma cha moto kama ilivyokuwa desturi, akazivuta ateri moja moja na kuzifunga kwa uzi. Mbinu hiyo haikuwa mpya kabisa, maana waganga wa Kiyunani na Kirumi waliijua. Ila Paré aliirudisha kazini, na kwa karibu miaka 350 iliyofuata, kumfunga mtu mshipa maana yake ilikuwa hiyo: kuukaza uzi mpaka damu isipite tena. Kwa mguu uliokwisha kukatwa hapakuwa na hasara. Kwa mguu mzima ilikuwa bahati nasibu. Daktari John Hunter wa London aliifunga ateri ya paja ya mwendesha gari la farasi mmoja mnamo Desemba 1785 kwa ajili ya uvimbe wa ateri nyuma ya goti, na mguu ukapona kwa kuwa mishipa midogo ya pembeni ilijipanua ikabeba damu. Wengine hawakubahatika. Kwa hiyo mwanafunzi wangu alikuwa sahihi. Wale kumi na wawili walikuwa wamemwahidi mgonjwa tiba ya karne ya 16.

Hatua kutoka kufunga hadi kushona ilianza na mauaji. Tarehe 24 Juni 1894, Rais Sadi Carnot wa Ufaransa alikuwa katika ziara mjini Lyon. Kijana wa Kiitaliano, Sante Caserio, aliyejiita mpinga serikali zote, alilirukia gari lake na kumchoma kisu tumboni. Kisu kilikata vena kubwa inayopeleka damu kwenye ini. Madaktari bingwa wa mji walimpasua, wakaliona jeraha, lakini hawakujua la kufanya. Rais akafariki usiku wa manane. Wakati huo mjini Lyon kulikuwa na kijana aliyekuwa akijifunza udaktari, Alexis Carrel, ambaye umri wake haukuwa umetimia miaka 21. Alishangaa, tena kwa sauti, kwamba mafundi wa kitambaa wanaweza kuunganisha hariri mshono usionekane, ilhali madaktari hawawezi kuunganisha mshipa.

Maneno ya vijana husahaulika. Carrel hakuyasahau ya kwake. Lyon ulikuwa mji wa hariri, na humo alimpata fundi tarizi, Bi. Leroudier, akaenda kwake kujifunza. Alijizoeza kutumia sindano nyembamba kupita zote alizoweza kupata, na nyuzi laini zilizopakwa mafuta mazito ya vaselini ili zisikwaruze ukuta wa ndani wa mshipa. Ugumu ulikuwa kwamba mshipa ni duara, na duara ukilishona hujikunja mdomo ukaziba. Carrel alitia mishono mitatu ya kushikilia kwenye ukingo, akaivuta kwa pamoja, na duara likawa pembetatu. Kushona mstari ulionyooka ni kazi ambayo fundi cherehani yeyote anaiweza. Alichapisha mbinu hiyo mwaka 1902, akahamia Amerika, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Upandikizaji wa figo tunaousikia leo unasimama juu ya mishono ile mitatu.

Nilipowasimulia darasani, binti mmoja aliuliza Bi. Leroudier alipata nini. Nilimjibu kwamba jina lake linatajwa katika historia za upasuaji, basi. Aidha, sikuwaficha kuwa Carrel huyo huyo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1935, alipendekeza baadhi ya wahalifu na wendawazimu wauawe kwa gesi. Mkono unaojua kushona hauna uhusiano wowote na moyo.

Hadi hapo tundu lilikuwa la jambia au la risasi, na kazi ya daktari ilikuwa kulikabili baada ya kutokea. Katika karne ya 20 mambo yaligeuka. Madaktari walianza kulitoboa wenyewe, kwa makusudi, katika mwili wa mtu aliyeingia hospitalini akitembea.

Sababu ilikuwa eksirei. Röntgen aliigundua mwishoni mwa mwaka 1895, na mwezi Januari 1896 mjini Vienna watafiti wawili walikuwa wamekwisha kupiga picha ya mishipa ya mkono uliokatwa, wakiwa wameijaza dawa inayozuia miale. Picha ile ilitamanisha, lakini mkono ule haukuwa na uhai. Ili kuiona mishipa ya mtu aliye hai ilibidi dawa ifikishwe ndani yake, na mlango haukuwepo. Egas Moniz wa Lisbon alifanikiwa kupiga picha ya mishipa ya ubongo mwaka 1927, lakini kwa kuipasua shingo na kuifichua ateri.

Miaka miwili baadaye ndipo kilipotokea kisa ambacho wanafunzi hukipenda kuliko vyote. Katika hospitali ya mji mdogo wa Eberswalde, karibu na Berlin, daktari wa miaka 25 aitwaye Werner Forssmann aliomba ruhusa ya kupitisha mrija hadi moyoni kupitia vena ya mkono. Mkubwa wake alikataa. Forssmann alihitaji vifaa, na ufunguo wa kabati ulikuwa kwa muuguzi Gerda Ditzen. Akamshawishi siku nyingi, mpaka muuguzi akakubali, tena akajitolea yeye mwenyewe awe wa kwanza kuingiziwa mrija. Forssmann akamlaza mezani, akamfunga mikono na miguu, akampaka dawa ya kusafisha ngozi, kisha akageuka pembeni na kujipasua mwenyewe mkono wa kushoto, penye kunja ya kiko. (Wapo waitao hapo kiwiko, na wapo ambao kiwiko chao kiko chini zaidi, karibu na kiganja. Hili nalo tulilibishania nusu saa.) Muuguzi alipotambua kuwa amehadaiwa, mrija ulikuwa umekwisha kuzama. Alifunguliwa, wakashuka ngazi pamoja hadi chumba cha eksirei, na picha ikaonyesha ncha ya mrija ndani ya moyo. Sentimita 65 za mrija uliotengenezwa kwa ajili ya njia ya mkojo zilikuwa ndani ya daktari aliyesimama kwa miguu yake.

Hakushangiliwa. Aliishia kuwa daktari wa njia ya mkojo katika mji mdogo, na katikati ya hayo aliingia chama cha Nazi. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1956, pamoja na André Cournand na Dickinson Richards wa New York, waliokuwa wameifanya mbinu hiyo kuwa kipimo cha kila siku. Lakini angalieni mshipa alioutumia. Ulikuwa vena, wenye damu ya upole, na aliufikia kwa kisu. Ateri bado ilikuwa imefungwa mlango.

Walioijaribu ateri kwa sindano walikuwa na tatizo la hesabu. Walichukua sindano nene, wakaidunga kwenye ateri, kisha wakapitisha mrija ndani ya sindano hiyo. Mrija hauna budi kuwa mwembamba kuliko sindano ili upite. Sasa ukiichomoa sindano na kuuacha mrija, tundu la ateri ni la unene wa sindano na kilichobaki ndani yake ni chembamba zaidi. Damu hutoka pembeni. Ukitaka mrija mnene zaidi sharti utumie sindano nene zaidi, na tundu likue, na damu izidi. Kila hatua ya kwenda mbele iliongeza hatari ileile.

Aliyelifumbua fumbo hili alikuwa kijana wa Kiswidi, Sven Ivar Seldinger, aliyezaliwa mwaka 1921 katika mji wa Mora, mji maarufu kwa visu. Alikuwa akijifunza eksirei katika hospitali ya Karolinska mjini Stockholm. Siku moja, baada ya kushindwa tena, alisimama akiwa na vitu vitatu mkononi: sindano, waya na mrija. Kama alivyosimulia baadaye, ghafla akaona utaratibu wa kuvitumia. Sindano iingie. Waya mwembamba upite ndani ya sindano hadi ndani ya ateri. Sindano ichomolewe, waya ubaki. Mrija uvalishwe juu ya waya, kama ushanga juu ya uzi, usukumwe mpaka uingie. Waya utolewe.

Nilimwomba mwanafunzi mmoja aje mbele atuonyeshe kwa mrija wa soda na waya wa baiskeli, maana mambo haya kwa maneno matupu hayaeleweki. Jambo la kutazama ni tundu. Sindano sasa inaweza kuwa nyembamba, kwa sababu kinachopita ndani yake ni waya tu. Mrija unaokuja nyuma huutanua mwanya huo mdogo kiasi cha unene wake wenyewe, na ukuta wa ateri unaukumbatia. Damu haina pembeni pa kutokea. Vifaa vilikuwa vilevile ambavyo wengine walikuwa navyo. Kilichobadilika ni mfuatano wake, na sisi tunaofundisha sintaksia tunajua mfuatano unaweza kufanya nini.

Seldinger alichapisha makala yake mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 32. Ilikuwa fupi. Inasimuliwa kuwa mkubwa wake aliona jambo hilo ni dogo mno kuwa tasnifu ya udaktari, na kweli tasnifu aliyoitetea mwaka 1966 ilihusu mirija ya nyongo. Sisi ambao tumeishia kwenye uzamili kwa sasa tunaweza kujifariji na habari hiyo. Alirudi Mora, akafanya kazi ya eksirei huko, akafariki mwaka 1998. Leo hakuna siku inayopita bila daktari fulani kutumia mbinu yake, si kwa ateri peke yake, bali pia kwa vena kubwa za shingo, kwa figo, kwa maji ya kifuani.

Mwaka 1965 madaktari Desilets na Hoffman wa Marekani waliongeza kitu kidogo chenye faida kubwa, nacho ni mrija mfupi unaobaki penye tundu wakati wote wa kazi, ili mirija mingine ipite ndani yake ikitoka na kuingia bila kuukwaruza ukuta wa ateri kila mara. Darasa langu lilikiita ala, kama ala ya kisu. Walioogopa mkanganyiko na ala za muziki walishindwa kwa kura. Unene wa vifaa hivi hupimwa kwa kipimo kiitwacho Kifaransa, alichokiacha Charrière, mtengeneza vifaa vya tiba wa Paris katika karne ya 19. Namba moja ni theluthi ya milimita. Kwa hiyo namba 6 ni milimita 2. Tahadhari: unene wa ala hutajwa kwa nafasi ya ndani, hivyo tundu linaloachwa katika ateri ni kubwa kuliko namba inayosomeka.

Mlango ulipopatikana, watu waliingia kwa wingi. Tarehe 16 Januari 1964, Charles Dotter wa Portland, Oregon, alipitisha waya na mirija iliyozidiana unene katika ateri ya mguu wa bibi wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu. Ateri iliyosinyaa ikapanuka, na bibi akaendelea kutembea kwa miguu yake miwili mpaka alipofariki miaka kadhaa baadaye kwa ugonjwa mwingine. Mjini Zürich, tarehe 16 Septemba 1977, Andreas Grüntzig alipanua ateri ya moyo kwa puto dogo alilokuwa amelibuni mezani jikoni kwake. Mwaka 1986 ukaja wavu wa chuma wa kuishikilia ateri isisinyae tena. Sitakaa hapo, kwa sababu sifa za walioingia zimeandikwa sana. Ninachotaka kukieleza ni namna ya kutoka.

Kila safari ya namna hiyo ilimalizika kwa ateri ya paja yenye tundu. Aliyelikabili hakuwa bingwa aliyekwisha kuvua glovu. Alikuwa daktari mdogo au muuguzi, aliyeuchomoa mrija na papo hapo kubana kinena kwa vidole vitatu, akiisukuma ateri dhidi ya mfupa ulio nyuma yake, kwa dakika 15 au 20 bila kupumzisha mkono. Kisha mfuko wa mchanga ukawekwa juu, na mgonjwa akalala chali saa nne hadi sita, mara nyingine usiku kucha, bila kukunja mguu. Kubana si jambo la kudharau. Ukibana kwa nguvu kupita kiasi damu haifiki mguuni, na ukibana kidogo inavuja. Ikivujia nje utaiona. Tundu likiwa juu mno, pasipo na mfupa nyuma yake, damu huingia ndani nyuma ya tumbo, shuka zikabaki nyeupe, na dalili ya kwanza ikawa mgonjwa anayelalamika mgongo na shinikizo la damu linaloshuka.

Hali ilizidi kuwa mbaya miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Wavu wa chuma ulivutia damu iliyoganda, basi wagonjwa wakapewa dawa kadhaa za kuzuia kuganda, zote kwa pamoja. Damu isiyoganda moyoni haigandi kinenani vilevile. Mtu aliyetibiwa moyo vizuri aliweza kufia kwenye tundu la milimita tatu.

Hapo ndipo kitenzi cha tatu kilipoingia. Kati ya mwaka 1995 na 1997 Marekani iliruhusu vifaa vya kuliziba tundu. VasoSeal ilisukuma juu ya tundu kizibo cha kolajeni, ile protini ya ngozi na kano, iliyotolewa kwa ng'ombe. Angio-Seal iliongeza nanga ndogo inayokaa ndani ya ateri, sponji ya kolajeni ya ng'ombe nje, na uzi unaovibana viwili hivyo kwa pamoja, tundu likiwa katikati. Vyote huyeyuka mwilini kwa muda wa siku 90 hivi. Perclose ilichukua njia nyingine. Inapeleka sindano mbili ndogo kupitia ukuta wa ateri, inavuta uzi, na daktari anasukuma fundo mpaka lifike kwenye ateri bila kuiona. Ni mshono wa Bi. Leroudier, sasa ukifanywa gizani, kupitia tundu lilelile linaloshonwa.

Je, vizibo hivi viliushinda mkono? Wauzaji walisema ndiyo. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2014, uliofanywa Ujerumani kwa wagonjwa 4,524, ulipata madhara penye tundu kwa asilimia 6.9 ya waliowekewa kifaa na asilimia 7.9 ya waliobanwa kwa mkono, tofauti ambayo kitakwimu inatosha tu kusema kifaa hakikuwa kibaya zaidi. Kilichokuwa wazi ni muda: damu ilikoma kwa kama dakika moja kwa kifaa, na kwa kama dakika kumi kwa mkono. Kwa hospitali inayolipa mishahara mikubwa, dakika tisa ni fedha. Kwa hospitali ambayo kifaa kinaagizwa kutoka nje na kutupwa baada ya kutumika mara moja, vidole vya muuguzi bado ni dawa nzuri, na sidhani ni aibu kusema hivyo. Mahali ambapo kifaa hakina mpinzani ni pale tundu linapokuwa kubwa. Vali za moyo zinazopitishwa kwenye ateri ya paja, kazi iliyofuata baada ya Alain Cribier wa Rouen kuweka ya kwanza kupitia vena mwaka 2002, zilihitaji hapo awali matundu ya milimita saba au nane. Tundu la namna hiyo halibanwi kwa vidole vitatu. Nyuzi hutangulizwa kabla halijatanuliwa, zikasubiri mpaka kazi iishe.

Kwa kazi nyingine jibu lilikuwa kubadili mlango. Lucien Campeau wa Montreal alieleza mwaka 1989 jinsi alivyochunguza mioyo ya wagonjwa 100 kupitia ateri iliyo penye kifundo cha mkono, ile ambayo muuguzi huigusa akihesabu mapigo. Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam alianza kuitumia kwa tiba mwaka 1992, akiwa amechoshwa na damu za kinena. Ateri hii ni nyembamba, milimita mbili au tatu, na mrija hupita kwa shida. Lakini ipo juu, imelalia mfupa, na kiganja kina ateri ya pili upande wa kidole cha mwisho. Kulikabili tundu lake kunahitaji mkanda wa plastiki wenye mfuko wa hewa, kama ule wa Terumo, kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1921 kwa kutengeneza vipimajoto. Muuguzi hujaza hewa kwa bomba la sindano, kisha huipunguza kidogo kidogo. Mgonjwa anakaa, anakunywa chai kwa mkono mwingine, anakwenda msalani mwenyewe. Mwaka 2015 madaktari wa moyo wa Ulaya waliiweka njia ya mkono mbele ya ile ya paja katika miongozo yao kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo, pale penye mtaalamu aliyeizoea.

Kwetu nako milango hii imefika. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko Mulago, ilipata chumba chake cha kazi hizi mwaka 2012, na Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Ndiyo maana fomu ile ilikuwa mezani petu, na ndiyo maana kitenzi kilikuwa na uzito. Mgonjwa anayetoka Bukoba au Mbarara, aliyeambiwa alale bila kukunja mguu saa sita, hataelewa kwa nini asikunje kama ameambiwa mshipa "umefungwa". Kilichofungwa hakifunguki. Akiambiwa limebanwa, ataelewa kuwa kilichobanwa huweza kuachia.

Tuliporudi darasani tuliiandika sentensi upya. Tulikubaliana juu ya ateri ya paja, na kwa wasioijua ateri tuliongeza "mshipa unaotoa damu moyoni". Kitenzi kilitusumbua, kwa sababu fomu haikusema daktari atatumia njia gani. Wengine walitaka kuziba, kwa hoja kwamba ni neno pana. Yule muuguzi alikataa tena: kuziba kwa mgonjwa wa moyo ndio ugonjwa wenyewe, kwani amekuja hospitalini kwa sababu ateri zake zimeziba.

Mwishowe sentensi ilisomeka hivi: "Daktari akimaliza atautoa mrija, kisha tundu litabanwa mpaka damu ikome, mshipa wenyewe utabaki wazi na damu itaendelea kufika mguuni." Ni ndefu kuliko ile ya Kiingereza kwa maneno manane. Nilifuta alama za vyema katika daftari kumi na mbili, nikaweka moja kwa yule muuguzi, naye akaniomba niandike tarehe.